Ndoo Saba za Udongo

Kila alasiri Mahbanu aliteremka ngazi thelathini na mbili chini ya nyumba ya Bibi Tuba kuweka bakuli la mtindi kando ya maji baridi. Mfereji wa ardhini ulitoka mlimani, ukapita chini ya nyumba zote za kichochoro, kisha ukatokeza kwenye bustani kubwa ya makomamanga. Nyumba kwanza, bustani baadaye. Ndivyo kijiji chao, karibu na Yazd, kilivyojengwa tangu enzi za mababu.

Wiki ile Bibi alikuwa akikandika ukuta upya.

"Udongo wa zamani hatutupi," alimwambia mjukuu wake. "Upeleke shimoni mwisho wa kichochoro, tuuloweke tuuchanganye na mpya."

Zilikuwa ndoo saba, jua lilichoma, na rafiki yake Shahla alimsubiri na kamba ya kuruka. Udongo si utayeyuka tu? alijiambia Mahbanu. Akateremka ngazi, akazimwaga zote saba majini.

Siku ya tatu bwawa la bustani lilibaki tope. Ami Ghorban, mgawa maji wa kijiji kwa miaka arobaini, alizunguka mitini akishika majani yaliyonyauka.

"Ami, maji yamekukimbia kama nywele zako!" vijana walimtania.

Alicheka nao, kisha akageuka upesi kufuta macho. Mahbanu alimwona, akainamisha kichwa.

Jioni baba yake alikuja kutoka mjini. Alipapasa sehemu ya chini ya ukuta, ikammomonyokea mkononi.

"Mama, bustani inakauka na nyumba yako inalowa. Basi tena. Jumamosi naleta lori, tuhamie ghorofani Yazd."

Bibi Tuba hakubisha. Alikuwa ameingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Alichukua vikombe vyake vya chai, akaanza kuvifunga kimoja kimoja kwa vitambaa. Mahbanu alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote, na moyo ulimuuma.

"Bibi, usivifunge," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Ule udongo niliumwaga majini."

"Wote?" baba yake aling'aka.

"Ndoo zote saba."

"Mwache kwanza, Jamshid," alisema Bibi. "Nenda ukamwambie Ami Ghorban mwenyewe, mwanangu. Kwa mdomo wako."

Alikwenda, akasema kila kitu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akachukua taa na koleo.

"Miguu yako inaogopa baridi?"

"Haiogopi, Ami."

"Muongo mdogo wewe. Haya, twende."

Chini ya nyumba ya Bibi maji yalikuwa yamejaa hadi ngazi ya tatu kutoka chini. Mabonge ya udongo wa ukuta na mabua ya ngano yaliyokuwamo yalikuwa yameziba koo la mfereji, ndiyo maana maji yalirudi nyuma, na unyevu ukapanda kwenye kuta za ngazi hadi msingini. Walichimbua hadi vidole vya Mahbanu vikafa ganzi. Ghafla maji yakanguruma, yakaondoka kwa kishindo kuelekea bustanini.

Walipopanda, Ami Ghorban aliketi kizingitini akikamua suruali.

"Mjukuu wangu, watu hudhani bustani ni miti yangu. Bustani inaanzia hapa, kwa anayeishi juu ya haya maji. Hizi nyumba zikihamwa, nani atateremka kutazama? Kosa lako tumelizibua kwa sababu umelisema mapema. Ungenyamaza hadi Jumamosi, Bibi angepoteza nyumba, na mimi miti. Ukikosea, sema ukweli hapohapo, wakati bado kuna la kufanya."

Baba alikuwa amesimama nyuma yao. Alimtazama mama yake akivitoa vikombe vitambaani.

Jumamosi lori lilikuja kweli, limejaa udongo mpya na mabua ya kukandikia. Bibi Tuba alimkabidhi Mahbanu ndoo.

"Saba," alisema, akimbusu kwenye paji la uso. "Na leo zifike shimoni."