Benchi la Waasisi Lisilokauka

Benchi lilipakwa rangi Jumatatu, na hadi Ijumaa lilikuwa bado bichi. Marcellus Gaither, mkuu wa chama cha udugu cha wanafunzi pale Chuo cha Tolliver, Alabama, aliligusa, na kidole kikatoka kijani. Lilikuwa mbele ya Jengo la Pettway, mahali waasisi wa chama walipokula kiapo, na asiye mwanachama haruhusiwi hata kuliegemea. Kila mwaka hupakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani. Kulikwangua ni mwiko. Kesho yake wahitimu wangerudi chuoni kwa sherehe, na kibao cha kumbukumbu ya waasisi kingezinduliwa hapo.

Harufu nayo haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya bucha.

"Ongezeni tabaka jingine," alisema Mzee Hosea Pruitt, mhitimu aliyekihangaikia hicho kibao.

"Tumeongeza, Mzee. Halafu kuna kitu kinagonga chini yake."

"Punguza sauti, mwanangu."

Jumamosi, jua linawaka na nyama zinachomwa uwanjani, kishindo kikaanza, paa, kikanyamaza, paa tena, kama ubao unaotua juu ya mwili wa mtu, kikapanda miguu ya benchi na kuingia katika miguu ya waliosimama karibu, mpaka wapiga ngoma wakaacha ngoma zao na sauti ya kijana ikasikika ikihesabu mapigo, ikikatika, ikianza upya.

Ndipo Pruitt akatapika ya moyoni. Enzi zao walimchapa kwa ubao kijana aliyetaka kujiunga, Clyde Battle, hadi akafia juu ya benchi hilo. Wakasema kaanguka kwenye ngazi, wakalipaka rangi asubuhi ileile. Na watu hawahawa ndio huuimba udugu mpaka wanalia. Udugu gani huo? Laana tupu.

Akaitwa Mama Ernestine, dada yake Clyde, anayetoa pepo kanisani. Alikuja na gauni jeupe na chupa ya mafuta.

"Mfukuze, dada," Pruitt alinong'ona.

Hakuifungua chupa. Alimgeukia Marcellus. "Ule ubao mnao bado?"

"Tunao."

"Na wanaojiunga mwaka huu wako wapi?"

"Kwenye chumba cha chini ya Pettway, mama. Mdogo wangu yumo."

"Sasa nikimfukuza Clyde, nani atapiga kelele kwa ajili ya hao?"

Marcellus alikimbia. Alivunja mlango wa chini, akamtoa mdogo wake, Jerrod, shati limegandia mgongoni kwa damu, akamketisha kwenye benchi mbele ya wahitimu wote.

"Mfunike koti," Pruitt alinong'ona. "Wageni wanatazama."

"Watazame," Marcellus alijibu.

Mama Ernestine akaketi kando ya kijana, akamkumbatia. Kishindo kikakoma. Aliponyanyuka, gauni halikuwa na doa la rangi. Pruitt alinyoosha mkono amsaidie, na kiganja chake kilikuwa kinachuruzika kijani.

"Kanawe, Hosea."

"Nanawa tangu siku ile, dada. Haitoki."