Kiti cha Mume wa Ndayikeza

Aliyesimulia habari hii kwanza ni shangazi yetu Elida, nyumbani kwake Kasingirima, Desemba 2015, tukichambua maharage. Tangu siku hiyo hajaongeza neno wala kupunguza.

Mei ya mwaka huo alikuwa mkalimani Kagunga, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni hata pa kutandika mkeka pakakosekana. Asubuhi ile haikuwa na jipya: foleni, vikohozi, dagaa juani. Ndani ya hema aliketi Feliksi, mtaalamu kutoka mjini, na kamera yake ya joto. Mtu akiogopa, alieleza, damu huikimbia pua. Pua ikapoa, na kompyuta ikaandika kiasi cha hofu yenyewe. Mkimbizi wa kweli lazima aogope. Asiyeogopa ni mwongo, arudishwe alikotoka. Kichwa kizima kilisomeshwa miaka yote hiyo ili kifike hapo.

Akaingia Ndayikeza, mwanamke wa makamo, mkononi kifurushi kimoja.

"Turi babiri," alisema. Tuko wawili. Akaomba na kiti cha mumewe, Irambona.

Kwetu Waha mgeni hasimamishwi. Elida akavuta kigoda cha pili kabla ya kuuliza huyo mume yuko wapi.

Feliksi akacheka. "Dada Elida, umemkaribisha nani, upepo?"

Ndayikeza akajibu maswali. Mumewe aliuawa njiani. Walimwacha bila kaburi. Aliyasema hayo kama mtu anayeagiza chumvi. Kompyuta ikauzungushia uso wake mraba, ikaandika: hofu, asilimia tatu.

"Unaona? Uso mkavu. Huyu anarudi leo leo."

"Amekwisha kulia, mtaalamu. Akirudi watamuua."

"Mashine haibembelezwi, dada."

Hapo kompyuta ikalia. Ilikuwa imechora mraba mwingine. Juu ya kigoda kitupu. Ndani yake uso wa buluu, pua nyeusi kwa ubaridi. Hofu: asilimia mia.

"Anaogopa maswali," Ndayikeza alinong'ona. "Nilimwambia asubiri nje."

Feliksi akasonya. "Hitilafu tu." Akainuka, akakikalia kigoda, akakunja nne. "Haya, piga sasa! Nani yupo hapa?"

Elida akabonyeza. Akabonyeza tena.

Mraba mmoja. Uso uleule wa buluu. Feliksi hakuwamo.

Alitazama kioo cha kompyuta. Kicheko kikamkatika. Akatoka, begi akaliacha wazi.

Elida akatoa muhuri begini, akagonga kadi ya Ndayikeza, akamsindikiza hadi kwenye boti ya kumpeleka melini. Mama yule akageuka, akatazama nyuma yake, kushoto, kulia.

"Kumbe niko peke yangu," alinong'ona.

Picha iliyochapwa siku hiyo imo kwenye Biblia ya shangazi. Tumeiona: kigoda, na anayekikalia si Feliksi.

Elida yu hai. Ndayikeza yu hai, analima kambini. Feliksi hupokea mshahara, hupita Mwandiga kila mwezi akiwacheka watu, na anayempa mkono hukuta baridi, akaufuta wake haraka kwenye nguo. Husemekana naye yu hai. Kamera yake ndiyo hadi leo haijakubali.