Nilizika Nywele za Masika Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, nauza vitenge sokoni Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Watu husema msiba wa kujitakia hauna kilio. Huu wangu sikuutaka, ndugu wasomaji, lakini nalia!

Binti yangu wa kwanza, Masika, alikuwa na miaka minane nywele zilipoanza kumtoka. Kwanza kiraka kimoja nyuma ya sikio, laini kama kiganja. Kisha kingine... na kingine. Mwisho hata nyusi zilikwenda! Shuleni wakamwita kizee, naye akaacha kucheza na wenzake.

Kwetu nywele za mtoto hazitupwi ovyo. Mama yangu alinifundisha: okota, fukia, adui asije akazichukua akamroga mtoto. Basi kila asubuhi, Masika akiwa bado amelala, niliziokota shukani na kuzifukia nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilifanya kimyakimya ili asijue zinavyozidi kutoka. Ni mama gani asingefanya hivyo?

Kumbe macho ya mama mkwe yalikuwa mgongoni mwangu! Alikuwa amekuja kutoka Ibanda kutusaidia. Asubuhi moja akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Baluku! Kuja ona bibi yako! Iko nazika nywele ya mutoto. Ni yeye nakula mutoto!"

Nilidhani mume wangu atacheka. Miaka yote hiyo tunalala kitanda kimoja! Lakini alichukua jembe, akafukua, akaziona nywele... akanitazama kama mtu asiyenijua. Nilijieleza mpaka sauti ikakauka. Masika alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Siku hiyohiyo walimpeleka Ibanda. Nikawafuata, wakanifungia lango. Nilimsikia mwanangu akilia ndani. Nikamwita, Masika! Akanyamaza ghafla... Alinyamaza kwa kuniogopa mimi, mama yake! Niambieni, kuna kisu kikali kuliko hicho?

Mama mkwe akampaka mitishamba, kichwa kikatoka malengelenge. Hapo ndipo Baluku alipotishika, akamkimbiza hospitali mjini Kasese. Daktari akamweleza kwamba ni ugonjwa tu, mwili wenyewe unazipiga vita nywele zake. Hakuna aliyemroga. Hauambukizi. Huenda nywele zikaota, huenda zisiote.

Baluku alikuja kunipigia magoti. "Mama Masika, sameha. Shetani ilinishika." Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo unakuja nyuma polepole, unachechemea.

Masika amerudi. Vidonda vimepona, anakula, anakwenda shule na kitambaa chake. Lakini mwanzoni, kila nilipoingia asubuhi kumwamsha, alishtuka na kushika kichwa kwa mikono miwili. Siku moja nilimuuliza anaogopa nini. Akasema, "Mama, mi najua si wewe. Lakini mikono yenyewe inakimbia kichwani."

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mtoto akianza kutoka nywele, hospitali kwanza. Halafu kaa naye, mwambie mwenyewe kinachompata, hata kama huna jibu. Mimi nilimficha nikidhani namlinda, na wenye midomo wakamwambia kabla yangu. Wala msiwaachie wakwe wawahukumu kwa jambo ambalo hakuna aliyelipeleka kwa daktari.

Siku hizi siingii tena chumbani mwake. Nasimama mlangoni, nasubiri aniite.

Kuna asubuhi haniiti.