Hakugombana na Mtu

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Kila Jumamosi asubuhi binti yake wa miaka tisa alikaa sakafuni, akiokota pini kwa sumaku. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu hakuishiwa maneno. Alisimulia habari za shule, za majirani, hata za paka.

Lakini siku hizi Chiriku aliokota pini kimya.

"Jiandae, mwanangu," alisema Mama. "Mwalimu wa kinanda anakusubiri parokiani."

"Tumbo linaniuma."

"Tena? Jumamosi iliyopita tumbo, leo tumbo. Hilo tumbo linasoma kalenda?"

Chiriku hakucheka.

Mama alikuwa akijivunia masomo hayo. Kati ya watoto wote wa kwaya, mwalimu alimchagua Chiriku peke yake. Alimfundisha baada ya wenzake kuondoka, bila malipo. Alimpa na pipi. Mama aliona ni bahati. Sasa alimtazama mtoto vizuri. Aliondoa mguu kwenye pedali, akashuka kitini, akaketi naye sakafuni.

"Leo huendi," alisema. "Kuna kitu kinakusumbua huko?"

Chiriku aligeuzageuza sumaku. "Mama, mtu mkubwa akikupa siri, ukiisema ni dhambi?"

Mama hakupandisha sauti. "Si dhambi. Mimi unaweza kuniambia lolote."

"Mwalimu anafunga mlango. Anataka nikae mapajani pake. Ananishikashika. Mimi sipendi. Amesema nikisema, nitafukuzwa kwaya, na wewe utalia."

Machozi yalikuwa yameshamlenga Mama.

"Unaona?" Chiriku alinong'ona. "Unalia."

"Nalia kwa sababu nakupenda. Wewe hukukosea kitu. Nakuamini. Umefanya vizuri sana kuniambia."

Hakumuuliza zaidi. Alimwacha amwegemee mpaka mwenyewe alipotaka kuinuka.

Mchana Baba alirudi kutoka kwenye karakana yake ya baiskeli, pamoja na dada yake. Mama aliwaita uani, akawaeleza kwa sauti ya chini. Baba alikuwa bado ameshika spana.

"Naenda kumvunja mikono," alisema.

"Keti, kaka," alisema Shangazi. "Ukifungwa wewe, hawa watakula spana?"

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupatanisha watu. Alishapatanisha majirani waliogombea uzio, na mabibi wawili waliogombea kiti cha mbele kanisani.

"Tumwite mwalimu jioni, na mtoto awepo," alisema. "Aombe msamaha, washikane mikono, tusali, yaishe. Tusilichafue Kanisa."

"Wifi," alisema Mama taratibu, "nimwambie mwanangu aushike mkono ule ule?"

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Shangazi. "Mimi njia nyingine siijui."

Mama alikumbuka tangazo la baada ya misa. Padri alisema mwenye wasiwasi juu ya usalama wa mtoto amwone Sista wa zahanati. Yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo na jimbo. Baba alibaki na Chiriku. Mama na Shangazi walikwenda.

Sista aliwakaribisha kwenye benchi. Alisikiliza bila kuwakatiza.

"Mtoto yuko na nani sasa?" aliuliza.

"Na baba yake," alijibu Mama.

"Vizuri. Mmemhoji?"

"Hapana. Alichosema, alisema mwenyewe."

"Inatosha. Msimuulize tena. Kila mtu akimhoji, atachoka na ataogopa. Wapo watu waliofunzwa kuongea na watoto."

Shangazi alikohoa. "Sista, mimi nilitaka kuwapatanisha."

"Najua una moyo mwema, mama," alisema Sista. "Lakini tunapatanisha watu waliogombana. Huyu mtoto hakugombana na mtu."

Shangazi aliinamisha kichwa.

"Na jina la Kanisa?" aliuliza.

"Mtoto huyo ndiye Kanisa pia. Jimbo letu lina sera ya kuwalinda watoto. Mtu mzima asijifungie chumbani na mtoto peke yao. Asimpe zawadi za siri. Ni hivyo kwa padri, kwa katekista, kwa mwalimu, hata kwangu. Na tukisikia jambo kama hili, hatuchunguzi wenyewe wala hatunyamazi. Tunawaambia polisi na ustawi wa jamii leo leo. Ofisi ya jimbo nayo inaarifiwa."

"Je, kama amesingiziwa?" aliuliza tena Shangazi.

"Uchunguzi utaonyesha. Kumsimamisha mwalimu kazi si kumhukumu. Ila wakati ukweli unatafutwa, hakai na watoto."

Sista alipiga simu wakiwa pale pale. Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda nao polisi. Huko Chiriku aliletwa na baba yake, akaongea na askari mwanamke aliyevaa nguo za kawaida. Walikaa kwenye chumba chenye mkeka na penseli za rangi. Alitoka ameshika mchoro wa paka.

Siku hiyo hiyo paroko alimsimamisha mwalimu kazi. Baadaye mtoto mwingine naye alimwambia bibi yake. Mwalimu alifikishwa mahakamani.

Haikuwa rahisi. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. "Mnamharibia mtu jina," alisema. Mama alikikunja vizuri, akampa. Usiku ule Baba alisema, "Tutashona vya wengine." Na wengine walikuja.

Parokiani, masomo ya muziki yalihamia ukumbini, mahali pa wazi. Kila mara huwepo watu wazima wawili, na mzazi anayetaka hukaa akasikiliza. Sista alizunguka kwenye jumuiya zote akieleza sera ile. Shangazi ndiye aliyekuwa akimtangulia kuwakusanya watu.

Chiriku alipelekwa kwa mshauri wa watoto. Polepole alianza kulala vizuri. Siku moja alisema, "Kwaya nitarudi. Kinanda bado."

"Bado ni sawa," alijibu Mama.

Jumapili moja Shangazi alikuja kuwatembelea. Alifungua mikono yake minene kama kawaida, amkumbatie Chiriku. Chiriku alirudi nyuma.

"Shangazi, leo sitaki kukumbatiwa."

Baba alimtazama Mama. Zamani Shangazi angesema mtoto huyu hana adabu. Sasa alisimama na mikono yake hewani, akifikiri. Kisha akaishusha.

"Haya, mama yangu. Mwili ni wako. Basi nikupungie mkono kama abiria wa treni?"

Akapunga, ingawa walitengana kwa hatua moja tu. Chiriku alicheka kwa sauti, naye akampungia. Kisha akasogea mwenyewe, akaketi kando yake.