Dua ya Mwenye Nyumba

Nyumba ya misheni ilikuwa imefungwa tangu mvua za mwaka juzi, lakini Sabi alipofungua kufuli, sakafu ilikuwa imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Sabi, mwalimu wa pale kijijini aliyekabidhiwa ufunguo, alirudi nyuma akaishika kamba ya ufunguo iliyokuwa shingoni mwake.

"Nani kafagia?" Pasta Otsiwah, kiongozi wa wahubiri wageni, akauliza.

"Hakuna mwenye ufunguo mwingine," Sabi akajibu kwa sauti ya chini.

"Basi kafagia malaika!" Maame Araba akampiga pasta kikumbo, akaingia wa kwanza. "Nipisheni mie. Mgongo wote umekufa ganzi."

Alikuwa na haki ya kuchoka. Kutoka kwao Sekondi, pwani, hadi huku kaskazini mwa Benin, njia iliwakatalia kabisa. Mpakani waliungua jua kutwa nzima. Matairi yakapasuka, gari likazama mchangani, na vumbi la Harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, likawaingia hadi kwenye meno. Kila lilipotokea balaa, pasta aliomba na wenzake wakaitikia Amina. Kwa kuitikia, sisi Wafante, watu wa Sekondi, hatujambo! Mtu akianza tu kusema "Mungu akupe", Amina imeshatutoka kabla hajataja anachokuombea. Ulimi hauna mfupa, bwana.

Maame Araba hakuwa mhubiri. Alikuwa mjane, muuza samaki mwenye mdomo ulioogopwa soko zima, na alikuja kuwapikia. Nyumbani alimwacha binti yake Ekuba na mimba pevu, ya kwanza kufika huko baada ya nyingine zote kutoka. Alimwapia kwamba mtoto huyo hataogeshwa na mkono mwingine ila wa bibi yake.

Wakaingiza mizigo. Nje vumbi lilikuwa zito hata mchana ukafifia, na ndani watu walionana kwa shida. Wakashikana mikono, wakafumba macho. Kutoka kwenye kona sauti ya pasta ikaanza.

"Baba, tunakushukuru kwa safari hii."

"Amina!"

"Umetuvusha mito na mipaka."

"Amina!"

"Na huyu mama aliyeingia humu wa kwanza, mfanye akae nami, asitoke tena maisha yake yote."

"Amina!"

Mlango ukasukumwa. Pasta Otsiwah akaingia amebeba ndoo ya maji, Sabi nyuma yake.

"Mmeanza bila mimi?" pasta akauliza. "Nani anaongoza?"

Ebo, dereva, akafumbua macho na kutazama upande wake wa kushoto, ambako muda wote alikuwa ameshika mkono wa mtu. Hapakuwa na mtu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, na kilinuka manyoya ya kuku yaliyoungua.

"Tokeni," Sabi akanong'ona. "Tokeni wote, sasa hivi."

Wakatoka wakikanyagana, ila Maame Araba alipofika kizingitini miguu ilimwishia nguvu, wakamshika makwapa na kumburuta hadi uani, na kadiri walivyomburuta ndivyo pumzi ilivyozidi kumkatika, midomo ikawa ya majivu na macho yakapanda juu, huku kutoka ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, sauti ya pasta ikirudia taratibu, amina, amina, amina, na pasta mwenyewe yuko pale pale amemshika mama wa watu miguu na mdomo wake umefumba, mpaka Sabi akapiga ukelele kwamba wamrudishe ndani kabla hajafa. Wakamrudisha. Akavuta pumzi.

Pasta akakemea mpaka koo likakauka. "Naifuta dua ile! Naifuta kwa jina la Yesu!" Darini kitu kikacheka kwa sauti ya pasta mwenyewe.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," Sabi akasema. "Hawezi kumshika mtu mpaka watu wamkubalie. Nyie mmemkubalia kwa kelele. Mgeni aliyekuja kabla yenu hakutoka. Kaburi lake liko huko nyuma. Nilidhani mwenye nyumba alikwisha ondoka."

"Na haifutiki?" pasta akauliza.

"Aliyeomba ndiye awezaye kuomba dua nyingine ya kuifuta. Nanyi muitikie. Lakini nani atamlazimisha?"

Maame Araba alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha. "Yaani Ekuba azae, na mimi nimo humu? Mjukuu wangu aogeshwe na nani? Na yule mama mkwe wake asiyejua hata kuosha sufuria?" Akalia. Alilia kweli kweli, kamasi zikamtoka. Kisha akajifuta kwa upindo wa nguo, akaangalia juu.

"Wee uliyeko darini! Ulitaka mtu wa kukaa naye? Haya, umempata. Ebo! Nipe jiko la mkaa, pilipili, na kopo langu la momone."

"Lile linalonuka, Maame?"

"Kwani nina jingine?"

Momone ni samaki anayeachwa avunde ndipo atiwe chumvi. Kwenye mchuzi ni utamu, kwenye moto mtupu ni adhabu. Akalimimina kopo lote juu ya makaa, akaongeza pilipili kavu kwa viganja, akawafukuza wenzake uani, akafunga madirisha na kujifunga kitambaa puani. Hata waliokuwa uani walikohoa wakatokwa machozi. Ndipo akaanza kusema.

"Unatembea juu ya kichwa changu, umefundishwa na nani? Shuka! Mwizi wa sauti za watu, huna hata yako!"

Sufuria ikaruka ikagonga ukuta. Kitu cha baridi kikamlamba shingo, polepole, toka sikio hadi bega. Aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini hakunyamaza.

"Lamba tena nikutie pilipili huo ulimi! Unanijua mimi? Mume wangu alipofariki, mji mzima ulisema kapumzika. Wewe hufi. Utapumzika lini?"

Akasema, akasema, akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya aliyojaliwa, akarudi kusema. Alasiri yote makaa hayakuzimika. Kicheko cha darini kikageuka kikohozi.

"Mama," ile sauti ikasihi, imekwaruza. "Nyamaza kidogo."

"Sinyamazi! Si uliniomba maisha yangu yote?"

Pole pole kile kitu kikaanza kulia. "Baba... mwondoe mwanamke huyu. Arudi kwao, nisimwone tena."

Uani watu walikuwa wamekwisha achama midomo waitikie.

"Asiitikie mtu!" Maame Araba akapiga ukelele. "Hujamaliza wewe. Ongeza: na kila atakayeingia humu atoke salama."

Kikanguruma hata bati likatikisika. Akakamata kiganja kingine cha pilipili.

"Ongeza!"

"Na kila... na kila atakayeingia humu, atoke salama."

"Haya, jamani."

"AMINA!" Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Sabi, na yeye ni Mwislamu.

Maame Araba akainuka, akauweka mguu wa kulia nje ya kizingiti, akangoja. Pumzi ilikuja. Akautoa na wa kushoto, akapita katikati ya watu waliokuwa wakitaka kumkumbatia, akafungua mlango wa gari.

"Washa, Ebo. Yule mama mkwe asije akaniwahi."