Seli Mia Moja za Dorothy

Asubuhi hiyo chumba cha maabara kilinuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa jana. Raimundi, mpimaji wa damu, alikunja pua, akamlaumu mfagiaji. Bwana mkubwa huyo! Tangu serikali iruhusu kliniki za watu binafsi, naye akapata koti jeupe kwenye moja hapa Chiwanda, alitembea kifua mbele kana kwamba kuumwa kwetu ni upumbavu wetu.

Na kazi yenyewe hakuifanya. Damu ikishapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, mpimaji huhesabu seli nyeupe mia moja, aone ngapi ni eosinofili, zile zenye punje nyekundu. Zikiwa mbili tatu, salama. Zikiwa nyingi, mwili unapigana, na huku ziwani mara nyingi adui ni minyoo au kichocho. Raimundi aliandika "2" kabla rangi haijakauka. Mtoto, mbili. Kikongwe, mbili. Loo, mvivu asiye na haya!

Bonifasia alimleta bintiye Dorothy, wa miaka minane, homa wiki ya nne, anakohoa na kujikuna mpaka anatoka damu.

"Kaka, mara mbili umeandika mbili, daktari ananipa klorokwini ya malaria tu. Mwanangu anakwisha. Nakuomba, hesabu."

"Mama, unanifundisha kazi? Kakae benchi."

Akamtoboa Dorothy kidole, akapaka damu kwenye kioo na kuitia rangi, akashika kalamu aandike. Mkono wake ukadakwa na mkono mwingine, baridi, wenye tope kwenye kucha.

"Hesabu," ilinong'ona sauti, na Raimundi akaitambua: mzee Wendelin, mfyatua matofali, aliyezikwa Kwaresima na cheti chake cha majibu kikisema mbili.

Akainamia hadubini, akahesabu moja, mbili, tatu, na kila alipotaka kuruka ile sauti ikamrudisha nyuma, akahesabu tena, jasho likimdondokea mezani, harufu ya udongo ikimjaa kooni, mpaka zikatimia mia, na katika mia hiyo nyekundu zilikuwa arobaini na tatu.

Akatoka mbio na cheti. Daktari akakisoma mara mbili, akamtazama kwa dharau, akampima mtoto mkojo, akaandika dawa ya kichocho siku ileile. Dorothy alipona, Mungu ashukuriwe, lakini si kwa wema wa Raimundi.

Yeye alirudi maabara akidhani yamekwisha.

"Nimehesabu, mzee. Nenda kapumzike," alisema.

"Umemhesabu wa Bonifasia," Wendelin akajibu. "Wenzangu je?"

Nje, kwenye benchi lililokuwa tupu, watu walianza kukohoa, wakainuka mmoja mmoja wakipukutisha udongo. Wa kwanza kuingia alikuwa marehemu mama yake mzazi, ambaye Raimundi alimwandikia mbili mwaka juzi kwa haraka ya kuwahi pombe ya komoni. Akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akamnyooshea kidole kitobolewe.

"Anza na mimi, mwanangu," alisema. "Taratibu. Leo hatuna haraka."