Pua ya Eleuterio na Kanari wa Baba

Mume wangu Eleuterio hutengeneza tepache, kinywaji chetu cha kuchachusha, na hapa Guadalajara, Meksiko, hakuna anayemshinda. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote. Huchukua maganda ya nanasi, maji, mdalasini na sukari guru. Huvitia ndani ya pipa la mbao, akafunika, akangoja. Hatazami saa. Haonji. Ananusa tu! Povu likipanda na harufu ikianza kuwasha pua, husema, "Imeiva." Hapo wateja wamekwisha kujipanga mlangoni kwetu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu. Mtu huyo ni baba yangu.

Baba yangu, mzee Fermín, anaishi nasi. Maisha yake yote amefuga kanari, wale ndege wadogo wa manjano wanaoimba. Kanari wa baba wana mlio wao. Huanza chini, polepole, kisha hupanda na kutetemeka juu kwa muda mrefu. Mtaa mzima unaujua mlio huo. Lakini macho ya baba yalififia, mwisho yakawa hayaoni kabisa. Wakati huo ndege walikuwa wamebaki wawili tu: dume mzee aitwaye Charro, na jike aitwaye Canela. Mimi nashinda kwenye cherehani, nashona sare za shule. Basi kazi ya ndege ikamwangukia Eleuterio.

"Yaani ndege wangu wamefika mikononi mwa muuza tepache," baba alinung'unika.

"Baba mkwe, niko hapa hapa. Nakusikia," Eleuterio akasema.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Ndivyo walivyokuwa tangu tuoane. Baba hakumwita kwa jina hata siku moja. Mimi nilicheka, lakini moyoni iliniuma.

Joto lilipoanza, Canela alitaga. Akaatamia vizuri. Makinda wanne wakatoka, uchi kabisa, midomo wazi.

"Sasa mama yao anahitaji chakula laini," baba alisema. "Mpe mbegu zilizochipua."

Baba hakueleza zaidi. Eleuterio naye hakuuliza.

"Unajua kuzichipusha?" nikamwuliza jikoni.

"Amparo, mke wangu! Mimi niliyekulia kando ya pipa, nishindwe na mbegu? Ni kuloweka, kufunika na kungoja. Kazi ni ile ile."

Akaloweka mbegu za ndege kwenye chungu cha udongo. Akafunika kwa kifuniko kizito. Akakiweka chungu karibu na pipa, mahali penye joto. Maji hakuyabadilisha. Siku zikapita, povu likapanda. Eleuterio akainama, akanusa, akatabasamu.

"Zimeiva!"

Canela alikula, akawalisha makinda. Kesho yake kinda mmoja alikuwa amekufa. Kisha wa pili. Kisha wote. Canela mwenyewe alijivimbisha manyoya, akakaa sakafuni mwa tundu akisinzia. Kinyesi chake kilikuwa maji matupu.

Baba aliingiza vidole kwenye kiota, akapapasa.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba," nikasema.

Nilidhani atamtukana Eleuterio. Hakumtukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Charro amezeeka. Labda atapata kiota kimoja tu zaidi cha makinda. Hicho nacho kikiharibika, mlio wetu umekwisha."

Eleuterio alisimama mlangoni, kofia mkononi. Afadhali angetukanwa.

Asubuhi iliyofuata, jirani yetu Bi Hortensia alikuja kununua tepache. Yeye hufuga kanari pia, na kila mwaka huwapeleka kwenye mashindano ya ndege. Mdomo wake hauna breki. Alinusa huku na huku.

"Siku hizi tepache unatengeneza kwenye chungu?"

"Hiyo si tepache, jirani. Ni mbegu za ndege."

"Ndege gani? Walevi?"

Wateja wakaangua kicheko. Eleuterio akawaka.

"Povu ni dalili ya uhai! Kila mtu anajua."

"Uhai wa nani?" Bi Hortensia akauliza. Sasa hakuwa anatania. "Ni uhai wa vijidudu, Eleuterio. Kwenye nanasi unawataka, wakufanyie kazi. Lakini tumbo la kinda ni dogo kuliko harage. Ukilijaza mbegu zilizooza, litahimili vipi?"

Eleuterio akakaa juu ya kreti. Akasahau wateja, akasahau pipa.

"Basi ni mimi niliyewaua makinda wote wanne. Na mama yao Canela anaharisha."

"Hukujua. Na hukuuliza, hilo ndilo kosa. Sasa mwaga hicho chungu. Halafu mpeleke Canela kwa daktari wa mifugo. Leo, si kesho!"

Tukampeleka. Daktari alimpima, akatupa dawa, akasema ale mbegu kavu na maji safi tu mpaka apone. Canela akapona. Manyoya yake yakalala vizuri, akaanza tena kurukaruka kando ya Charro.

Ndipo Bi Hortensia akaja jikoni kwetu. Alibeba chupa pana ya kioo, kipande cha neti na mbegu za ndege. Baba naye akavuta kiti, akakaa pembeni. Alijifanya anasinzia, lakini namjua baba yangu.

"Nimeona mbegu za bei nafuu kwenye duka la wakulima," Eleuterio alianza. "Zina rangi ya waridi, zinapendeza."

"Usithubutu! Hizo ni za kupanda shambani. Ile rangi ni alama kwamba zimetiwa dawa, nayo ni sumu. Nunua mbegu za kulisha ndege. Na ziwe mpya. Mbegu za zamani hazichipui, zinaoza tu katikati ya zile nzuri."

"Na maharage? Tunayo gunia zima."

"Maharage mabichi yana sumu yake, hata yakichipua. Kula wewe, yakiwa yamepikwa."

Bi Hortensia aliziosha mbegu zake mpaka maji yakatoka safi. Akazitia ndani ya chupa kwa maji safi ya kunywa.

"Zinalowa saa chache tu. Zisizidi usiku mmoja. Kwa joto hili, badilisha maji mara moja kati ya hapo. Baada ya hapo, maji yote nje!"

"Yote?" Eleuterio alishangaa. "Zitachipuaje bila maji?"

"Zinataka unyevu, hazitaki kuogelea. Tazama." Alifunga mdomo wa chupa kwa ile neti, akailaza chupa kwa mshazari juu ya bakuli, mdomo ukiangalia chini. "Maji yanachuruzika, hewa inaingia. Usifunike kwa kifuniko. Usiweke juani, wala karibu na pipa lako. Asubuhi, mchana na jioni, osha, chuja, rudisha hivi hivi."

"Nitajuaje zimefika?"

"Utaona vimkia vyeupe vidogo. Hapo zinatosha. Zioshe tena, zichuje, wape kidogo tu kwenye kisahani safi. Baada ya saa moja au mbili, ondoa mabaki. Usiwahurumie, ondoa! Zilizosalia weka kwenye friji, zisikae zaidi ya siku mbili. Na chupa ioshe kwa sabuni na maji ya moto kila unapoanza upya."

Eleuterio aliikodolea macho chupa. Mabega yamemwanguka. Bi Hortensia akamtazama, akacheka.

"Mbona umenuna? Kuna kipimo cha mwisho, na hapo wewe unanishinda. Pua! Mbegu nzuri hunukia majani mabichi. Ukiona utelezi au ukungu, tupa. Ukisikia uchachu hata kidogo, tupa zote. Usijaribu kuziosha ili uwalishe. Tupa."

Eleuterio aliinua kichwa. "Uchachu? Mimi nausikia kabla haujafika."

"Najua. Kwani tepache nainunua kwa nani?"

Canela akataga tena. Mayai matatu. Nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Eleuterio alinawa mikono kwa sabuni kama daktari wa upasuaji. Aliosha mbegu, alichuja, alinusa. Makinda watatu wakatoka.

Siku moja, joto likiwa kali sana, nilimsikia anamwaga kitu. Baba pia alisikia.

"Unamwaga nini?"

"Mbegu, baba mkwe."

"Hebu lete." Baba alinusa chupa. "Mbona sisikii chochote?"

"Bado. Lakini jioni zingechacha."

Baba alirudisha chupa. Eleuterio akaiosha kwa maji ya moto, akaanza upya. Mimi nikainamia cherehani yangu, nikatabasamu peke yangu. Huyo ndiye mume wangu!

Makinda wote watatu wakaota manyoya. Wakatoka kiotani wakiwa wazima. Habari zikaenea. Sasa majirani wanaofuga ndege huja mlangoni kwetu na chupa zao. Eleuterio huziweka puani, moja moja, mbele ya pipa lake.

"Hii lisha. Hii tupa. Wewe mama, hii tupa jana!"

Mvua zilipokwisha, dume mmoja kati ya wale wadogo alianza kujifunza kuimba. Mwanzoni alikuwa akigugumiza tu. Kisha asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu mlangoni, mlio ukatoka. Ukaanza chini, polepole. Ukapanda. Ukatetemeka juu, ukakaa huko. Wateja wakanyamaza.

Baba aligeuza kichwa. "Charro?"

"Si Charro, baba. Charro anakula. Ni mwanawe."

Baba alishika mkono wangu, akaniomba nimpeleke mlangoni. Mteja mmoja akamwamkia kwa heshima, akasema, "Mzee Fermín, kumbe bado unao wale kanari wako!"

"Si wangu tena," baba akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Ni wa mwanangu Eleuterio, huyu hapa mwenye pipa."

Eleuterio alikuwa akijaza kikombe. Tepache ikafurika, ikamwagikia viatu vyake, wala hakuona. Nami sikumwambia.